Nyama ya Sukari Siku ya Posa

Ngwali alirudi kijijini Wawi siku tatu kabla ya wageni wa posa; habari alizipata bandarini kwa baharia wa Kipemba. Miaka kumi na moja nyuma alikwenda kuchochea makaa melini, akamwacha bintiye Hija, mtoto wa miaka sita asiye na mama, kwa dada yake Kazija. Hakuandika barua hata moja. Sasa Hija anaposwa, na ndoa haifungwi bila ya walii wa kumwozesha, naye kwanza ni baba.

Kwa hiyo Kazija hakumfukuza. Alimtandikia mkeka barazani, na chakula akampelekea huko huko.

Asubuhi ya posa Ngwali alitoka sokoni Chake na ratili nne za nyama ya ng'ombe.

"Wageni wataanza kwa mishikaki yangu, kisha pilau," alisema. "Nilifunzwa na mpishi wa melini, mtu wa Korea."

"Pilau yangu haitaki kutanguliwa."

"Mimi ni baba yake, Dada."

"Wewe ni walii wake. Baba ni neno jengine."

Ngwali alikaa uani, akanoa kisu, akaikata nyama nyembamba hata ikaweza kukunjwa kama kitambaa. Akatwanga vitunguu saumu na tangawizi, akakaanga ufuta, akakuna papai bichi la kulainishia nyama. Alipotia sukari, Kazija alisimama mlangoni.

"Nyama kwa sukari. Unataka wakwe wa Vitongoji watucheke?"

Ngwali alitoa mkobani chupa ya maji meusi. Kazija akamnyang'anya, akainusa.

"Pombe hii."

"Si pombe. Ni maji ya maharage, ya chumvi."

"Nani shahidi wako? Huyo Mkorea?"

Akaimwaga yote chini ya mgomba, akaitupa chupa. Ngwali aliinuka, ngumi amekunja, nao wakatazamana hivyo hata upepo ukaleta harufu ya pilau inayoungua. Kazija akakimbilia jikoni. Ngwali akatia chumvi na maji ya ukwaju badala ya kile kilichomwagwa.

Alasiri aliitunga nyama kwenye vijiti, akaipanga juu ya makaa ya vifuu. Sukari ikashika rangi, mafuta yakalia. Hija alikuja na sinia. Ngwali akampa kijiti cha kwanza.

Msichana akala, akatafuna taratibu. "Tamu," alisema.

Ngwali akatabasamu, mara ya kwanza tangu arudi.

"Ulikuwa ukimpikia nani?" Hija aliuliza.

"Mabaharia wenzangu. Kila tukitia nanga tukinunua nyama."

"Mwaka ule karafuu hazikuzaa, mimi na Shangazi tulikula muhogo mkavu miezi minne," alisema Hija. "Shangazi akisema ameshiba, nami nikijua hajala."

Akakirudisha kijiti kwenye sinia kikiwa na nyama nusu, akaondoka. Ngwali aliendelea kupepea makaa, na mishikaki miwili ikaungua mbele yake asiione.

Wageni walipofika, nyama ilikwisha kabla pilau haijapakuliwa. Mzee Shaame, baba wa mposaji, alijifuta vidole, akasema hajapata kula kitu kama kile. Kisha akajiweka sawa.

"Bwana Ngwali, tumekuja kumtaka binti. Tuseme nawe?"

Ngwali alikuwa ameyapanga maneno yake tangu melini. Alitazama pazia, ambako wanawake walikuwa wakisikiliza.

"Mtoto kalelewa na Bi Kazija. Semeni naye. Akiridhia yeye, mimi nitaozesha."

Sauti ya Kazija ikatoka ndani, kavu: "Nimeridhia."

Wageni walipoondoka, Kazija alimkuta Ngwali akizima makaa.

"Usidhani umenipa kitu," alisema. "Na mtoto ukishamwozesha, uende."

"Nitakwenda."

Kazija hakumtaka apike siku ya harusi. Ngwali aliozesha, akala pilau barazani pamoja na majirani. Asubuhi yake akakunja mkeka, akashika njia ya Mkoani kutafuta kazi ya gatini. Kazija alikuwa akifagia uwanja. Aliitikia salamu, kisha akaendelea kufagia.