Boti Ambayo Nahodha Hakutaka Kuiuza

Msusi alikuwa amejiandaa kama anayekwenda vitani. Wiki nzima kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake alisikia habari za boti, atake asitake, maana kichwa kikishakuwa mikononi mwa mtu huna pa kukimbilia. Maharusi siku hizi walipenda kufanyia sherehe hoteli ya kule juu ya mto, na yeye ndiye aliyewapamba. Mto wenyewe maji yake yalifika magotini tu, mawe na mchanga tele, boti za kawaida zikivunja panga zao za kusukumia maji kila mara. Alitaka boti ya jeti, ile isiyo na panga nje, inayonyonya maji tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu. Mpya hakuiweza, basi akatafuta iliyotumika.

"Watu wa mitumba ni waongo," alimwambia shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi bomba aliyekubali kumsindikiza. "Kazi yako wewe ni kununa. Maswali niachie mimi."

"Ninune bure, shemeji? Nisuke basi hata nywele."

"Zipi?"

Shemeji akapapasa kipara chake na kukubali yaishe.

Mwenye boti alikuwa mpima ardhi mstaafu, ambaye majirani walimbandika jina la Nahodha. Boti yake ilikaa uani juu ya tela, chini ya paa la mabati, imefutwa vumbi kuliko viti vya sebuleni. Msusi hakupoteza muda. Aliweka kiganja juu ya injini, kwa kuwa alishaambiwa kwamba muuzaji mjanja huipasha moto kabla wageni hawajafika, ili ugumu wa kuwaka usionekane. Injini ilikuwa ya baridi.

"Inagoma sana hiyo," Nahodha alisema upesi. "Asubuhi inagoma. Mchana ndiyo usiseme."

Akaunganisha bomba la maji ya kuipoza, akageuza ufunguo. Ikawaka papo hapo, ikanguruma vizuri. Nahodha aliitazama kama mtu aliyesalitiwa, akaizima.

Msusi akatandika gunia, akalala chali kutazama tumbo la boti, mahali ambapo mawe huacha nyufa na mafundi huzificha kwa rangi.

"Hapo pana ufa mkubwa," Nahodha aliinama kumwonyesha.

"Mzee, huu ni mchirizi wa rangi."

"Leo mchirizi. Kesho je?"

Msusi akainuka, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye injini. Hii ilikuwa safi.

"Yataingia tu," Nahodha alimhakikishia.

Dirisha la jikoni likafunguka, mke wa Nahodha akatoa kichwa. "Imeuzwa?"

"Bado, mke wangu! Wanaikagua!"

"Kagueni upesi kabla hajaanza kulia!" Dirisha likafungwa.

Shemeji, aliyekuwa amenuna kwa uaminifu hadi mashavu yakamuuma, akashindwa kujizuia. "Shemeji," alinong'ona, "mimi sijapata kuona duka la namna hii. Tukikaa sana huyu mzee atatulipa nauli twende zetu."

Msusi akabana kicheko, akaenda nyuma ya boti, kwenye pampu. Huko ndani ndiko inakokaa feni inayosukuma maji, ndani ya pete ya chuma, na kati ya feni na pete hapatakiwi nafasi, labda ya ukucha. Akatoa kitana chake cha mkia mwembamba, akaupenyeza mkia.

Nahodha, aliyekuwa hajafunga mdomo tangu wafike, akanyamaza. Akawa anatazama ndala zake.

Mkia uliingia, ukacheza. Kingo za feni zilikuwa zimetafunwa na kokoto.

"Mzee, kasoro zote umetaja, hii mbona umeiruka?"

"Zile nilizitunga," Nahodha alijibu kwa sauti ndogo. "Hii ni ya kweli. Niliona haya."

Msusi alikuwa amejiandaa kupambana na mwongo, na mwongo alimpata, ila huyu alidanganya kichwa chini miguu juu, akiiponda mali yake mwenyewe. Hasira haikuja. Kilichomjia ni huruma iliyochanganyika na kicheko.

"Baba, unauza au huuzi?"

"Mwenzangu anataka uwanja wa kuanika nguo."

"Basi hivi. Kila Jumamosi nina bibi harusi wa kupeleka hotelini kule juu ya mto. Badilisha feni na pete, tuijaribu mtoni. Ikiwa nzima nainunua. Lakini mimi kuendesha sijui, kwa hiyo utaniendesha wewe hadi nijue."

Dirisha lilifunguka kabla Nahodha hajajibu. "Mchukue! Ila jioni mrudishe, mwanangu, nimeshamzoea."

Siku feni mpya ilipofungwa waliishusha mtoni. Nahodha aliiendesha kidogo, kisha akampisha msusi kwenye usukani.

"Ukiona jiwe usiachie mafuta! Ukiachia haigeuki!"

Msusi aliona jiwe, akaachia mafuta. Boti ikaenda moja kwa moja, haisikii la mtu, ikalikosa jiwe kwa bahati na kupanda juu ya mchanga.

"Tumefika hotelini?" shemeji aliuliza.

"Shuka usukume, fundi. Maji si ndiyo kazi yako?"

Nahodha alitangulia kushuka, akapitisha mkono tumboni mwa boti taratibu, huku na huku. Haikuwa na ufa wowote. Wakaisukuma, wakapanda tena, wakiwa wamelowa hadi magotini. Safari hii jiwe lilipojitokeza msusi aliuma meno, akakanyaga mafuta na kukata usukani. Boti ikapinda vizuri, ikawarushia maji wote watatu.

Alimgeukia Nahodha asikie kasoro mpya. Mzee alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatabasamu peke yake.

"Bibi harusi wa Jumamosi," aliuliza, "anatakiwa hotelini saa ngapi?"