Kona Isiyofutika

Asubuhi hiyo pia shuka la mdogo wake lilikuwa limeanikwa kambani, likichuruzika maji.

"Umefua tena?"

"Joto, dada. Usiku nalowa jasho kama niliyemwagiwa ndoo." Mdogo mtu akacheka. "Yasalimie mafindofindo yangu. Yenyewe yamepata ajira kabla yangu!"

Utani huo ulikuwa na umri wa miezi mitatu, tangu alipotolewa mafindofindo kwa sababu ya koo lililokuwa likivimba kila mara. Dada mtu, fundi wa maabara, alimwomba ayaachie maabara yake kwa kazi, naye akatia saini huku akicheka. Kazi yenyewe ilikuwa kupaka vipande vyembamba vya nyama za wagonjwa rangi zinazowaka gizani. Rangi tatu, picha, kuosha. Rangi tatu nyingine, picha, kuosha. Mpaka kipande kimoja kitaje kila aina ya seli iliyomo. Na kila siku, kando ya vioo vyenye vipande vya wagonjwa, lazima kiwepo kipande cha mtu asiyeumwa, cha kulinganishia. Huyo asiyeumwa alikuwa mdogo wake.

Maabarani mwenzake aliitwa Kinyonga, maana vidole vyake havikukaa na rangi moja siku mbili. Alichungulia skrini.

"Kona yako hiyo imeshahamia na godoro," alisema. "Kesho itatuomba chai."

Kwenye picha ya mafindofindo, kona moja iliwaka nyekundu, kama kawaida yake. Na kama kawaida yake, dada mtu alisema ni rangi ya jana isiyooshwa vizuri, akasogeza mkono aikate kwenye picha. Kipande cha kulinganishia hakichunguzwi, hutumika kuchunguzia wengine.

"Ngoja," Kinyonga alisema. "Kama ni masalia, chukua kipande kipya kisichoguswa na rangi. Kipige picha kitupu."

Akakipiga. Kikawa cheusi chote, kona na yote. Hapakuwa na masalia.

Akakipaka rangi moja tu, ile inayoshika seli zinazozaliana, wakasubiri saa nzima. Maishani mwake hakuwahi kuombea uchafu. Siku hiyo aliuombea: vumbi, unywele, alama ya kidole, chochote.

Kona ikawaka.

Akaongeza rangi za seli za kinga, akavuta picha karibu. Kwingineko seli zilikaa makundi makundi ya duara, zimetulia. Kwenye kona duara zilikuwa zimevunjika. Seli zilikuwa kubwa, za aina moja, zimepandana, na karibu zote nyekundu. Kando yake kilikuwa kioo cha mgonjwa ambaye saratani yake ya tezi za limfu ilishathibitishwa. Alivitazama viwili hivyo, akakosa cha kuvitofautisha.

Akafungua picha ya kwanza kabisa, ya miezi mitatu nyuma, kabla hajaikata. Kona ilikuwepo.

Kinyonga aliweka utani kando. "Hii ni ya nani?"

"Ina namba tu."

"Namba naiona. Nauliza ni ya nani."

Alikuwa anafikiria shuka: la leo, la jana, la juzi, na jasho la usiku, dalili ya saratani hiyo hiyo. Kinyonga alimtazama usoni, akaenda kumwita daktari bila kuuliza tena.

Simu ikaita.

"Dada, wafanyakazi wangu wameamkaje?"

"Uko wapi?"

"Uani, naanua shuka. Limekauka kau."

"Usitoke. Nakuja kukuchukua, tunaenda hospitali."

"Leo? Mbona unanitisha? Sauti yako…"

Alitaka kusema ni kipimo cha kawaida tu. Uongo ulimfika mdomoni, ukagoma kutoka. Miezi mitatu alikuwa ameshajiambia vya kutosha.

Upande wa pili ikaja sauti ndogo, ikijaribu kucheka.

"Dada, kwani yamefukuzwa kazi?"

"Vaa viatu, mdogo wangu," akasema. "Vaa viatu."