Mabega ya Nyumba Nne

Hakuna wakati mbaya wa kufa kijijini Hinterlahn kama wiki ya likizo ya Februari, na ndio aliouchagua mzee Serafin Gstrein. Kila kitanda cha wageni kimejaa. Magari yamepangana kuanzia daraja la chini mpaka kituo cha lifti ya kupandisha watu mlimani, na kila mwanamume wa kijiji mwenye miguu mizima yuko mlimani, ama anamfundisha mgeni kuteleza kwenye theluji, ama anamwokota. Zenzi, binti wa marehemu, alilia usiku ule wa kwanza kama mfiwa yeyote. Asubuhi ya maziko hakuwa na nafasi ya kulia tena, maana mama yake alikuwa ameketi sebuleni mbele ya jeneza, rozari mkononi, na amekataa katakata lisitolewe.

"Mama, zimamoto wameshuka mlimani, wako nje na sare zao. Wamekuja kumbeba baba, kama wanavyowabeba wote siku hizi."

"Zimamoto wanazima moto," alisema Bi Filomena. "Wewe unaona moto hapa?"

"Mama, jamani!"

"Maiti hubebwa na majirani wa nyumba nne za karibu. Kila nyumba bega moja. Babu yako alibebwa hivyo, bibi yako alibebwa hivyo. Baba yako hatatoka humu kama kabati linalohamishwa."

Zenzi alihisi kichwa kinataka kupasuka. "Majirani gani, mama? Rosa alikufa, watoto wake wakauza nyumba, sasa inapangishwa kwa wiki. Kwa Tschiderer ni duka la kukodisha skii za kutelezea. Kwa akina Falkner wamebomoa, wamejenga ghorofa la wageni. Kabaki Vinzenz peke yake, naye ana nyonga ya chuma, na hajasema na baba tangu ule ugomvi wa ua wa mpakani!"

"Mimi sidai watu. Nadai nyumba. Serafin ametoa maiti katika kila moja ya nyumba hizo, kwa bega lake. Nyumba si zipo? Milango si ipo? Nenda kabishe hodi."

Kengele ya kwanza ya misa ilikwisha kulia. Zenzi alitoka akibamiza mlango. Yeye kazi yake ni ofisi ya utalii, kutwa anajibu watu wanaouliza theluji itaanguka saa ngapi, na uvumilivu wake wote wa mwaka huishia hukohuko. Leo tena aende kuwaomba haohao!

Vinzenz alifungua kabla hajabisha. Alikuwa amevaa suti nyeusi, tai imekazwa mpaka shingo imekuwa nyekundu.

"Mmechelewa kuniita," alinguruma mzee.

"Kwani ulijua utaitwa?"

"Nisingeitwa ningekuja kumtukana palepale kwenye jeneza."

"Mzee Vinzenz, na hiyo nyonga?"

"Nyonga yangu na bega langu havijuani. Twende. Na usidhani nimemsamehe. Kuhusu ule ua alikosea, na amekufa akiwa amekosea."

Dukani kulikuwa na foleni mpaka nje. Gábor, Mhungaria anayekuja kufanya kazi kila msimu, alikuwa amepiga magoti akimbana mteja buti. Zenzi hakuzungusha maneno. Alisema mbele ya watu wote kwamba nyumba hii inatakiwa kutoa mtu mmoja wa kubeba jeneza, na inatakiwa sasa hivi.

"Jeneza la nani?"

"La baba yangu. Serafin."

Gábor aliinuka. "Yule mzee anayetuletea mayai? Amekufa? Jumanne alikuwa hapa!" Akavua aproni, akaitupa juu ya kaunta.

"Na mimi je?" mteja alipiga kelele, buti moja mguuni. "Nimeshalipia!"

"Wewe subiri," alisema Zenzi. "Mlima hauendi popote."

Kwenye ghorofa la wageni alifungua mwanamke wa Kiingereza, taulo kichwani, kikombe cha chai mkononi. Wanaume wote, alisema, wako juu tangu asubuhi. Zenzi alikaribia kukaa chini kwenye ngazi na kulia kwa hasira. Mwanamke akamtazama vizuri, akauliza maiti ana uzito gani.

"Sijui! Mtu wa kawaida! Kwa nini?"

"Mimi muuguzi. Kutwa nainua watu. Au lazima awe mwanamume?"

"Mama yangu ametaja bega," alisema Zenzi. "Hajataja ndevu."

Ikabaki nyumba ya Rosa. Humo wiki hiyo alikuwemo Joost, daktari wa meno kutoka Uholanzi, na familia yake. Alikuja mlangoni na suti nyekundu ya kutelezea, pua imepakwa dawa nyeupe ya jua, na hata kabla Zenzi hajamaliza sentensi uso ulimchangamka.

"Ah, mila za hapa! Mke wangu alisoma kwenye tangazo. Ni bure au inalipiwa? Watoto wanaweza kupiga picha?"

Zenzi aliishiwa uvumilivu. "Bwana," alisema, "ni baba yangu. Amekufa. Yuko sebuleni, na mama yangu hataki kumtoa mpaka mtu wa nyumba hii aje ambebe. Haina picha. Haina bei."

Joost alijifuta pua kwa mkono wa suti, akaifuta mara ya pili ingawa dawa ilikwisha toka. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe sana, dada. Nakuja."

Alikuja na buti za skii, ngumu, zinagonga sakafu ko, ko, ko. Bi Filomena alizitazama buti, akaenda nyuma ya mlango, akarudi na viatu vya marehemu.

"Vaa. Ukimwangusha kwa hayo mabati yako nitakushika wewe."

Vilimtosha. Wakaingiza mabega: Vinzenz na Mhungaria mbele, muuguzi na daktari wa meno nyuma. Zimamoto walibaki kusukuma watu pembeni, na kazi ilikuwapo, kwa sababu njia ya kanisani inakatiza uwanja wa wanaojifunza kuteleza. Mwanamume mmoja akainua simu kurekodi. Vinzenz, jasho linamtiririka, alimwambia aishushe kabla hajamezeshwa hiyo simu. Walimu wa kuteleza walivua kofia, na watoto wa wageni, kwa kuwaiga, wakavua zao, wengine wakaanguka wakifanya hivyo. Vinzenz alichechemea mpaka mlango wa kanisa, wala hakukubali kupokewa.

Baada ya maziko watu walikusanyika hotelini kwa supu ya nyama na tambi. Bi Filomena alipita meza ya wabebaji, akampa kila mmoja mkate mzima, na kusema maneno yanayosemwa: "Leo mmembeba wetu. Nyumba yetu na yenu zimefungana." Joost aliupokea mkate kwa mikono miwili, akamgeukia Zenzi.

"Maana yake nini hasa?"

"Maana yake," alisema Zenzi kwa uchovu, "mama akifa, nyumba yako inatoa bega."

Joost aliutazama mkate. "Lakini sisi tunaondoka Jumamosi."

Zenzi alitamani ardhi impasukie. Alijua hili litakuja, alimwambia mama tangu asubuhi, na sasa mama aibike mbele za watu siku ya kumzika mumewe! Ila Bi Filomena hakuonyesha kuaibika. Alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu watoke kaburini, akamtazama bintiye.

"Anayeingia Jumamosi nani?"

"Mama, achana nayo."

"Nakuuliza wewe, si unafanya kazi ofisi ya utalii? Nyumba ya Rosa, Jumamosi, nani?"

"Watu wa Denmaki. Mume, mke, na kaka wa mke."

"Huyo kaka ana nguvu?"

"Nitajuaje, mama?"

Bi Filomena alifikiri, mkono juu ya meza, mbele ya kiti alichozoea kukaa mumewe, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. "Waambie mimi ni mzima bado," alisema. "Lakini wasiwe wanakwenda mbali."

Zenzi alifungua mdomo amwambie kwamba haiwezekani, kwamba wale watakaa wiki moja tu, na baada yao watakuja wengine, na baada ya hao wengine tena. Akautazama uso wa mama yake.

"Nitawaambia, mama," alisema.