Swali la Tisa

Otto Ngonyani alifagia uwanja kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye fimbo. Ilikuwa Juni, mwezi ambao baridi humkaza nyonga. Alipomaliza alivaa koti lake jeusi, akapanga vikombe vitatu mezani. Viwili vilikuwa vya kuazima.

Wageni walifika saa nne. Pamela, afisa ustawi wa jamii, alibeba fomu. Bashiru, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kuwa shahidi.

"Shikamoo, mzee," alisema Pamela.

"Marahaba. Karibuni."

"Mzee Otto na koti la harusi!" alisema Bashiru. "Umepata mchumba hutuambii?"

"Nikipata, mshenga hutakuwa wewe. Kuku wa watu utamla njiani."

Pamela alicheka, kisha akaeleza. Serikali imetoa fedha za kulipa wasaidizi wa nyumbani kwa wazee wanaoishi peke yao. Mtaa wao hapa Mshangano umepata nafasi sita. Walioomba ni thelathini na mmoja. Msaidizi atakuja asubuhi tatu kwa wiki: kuteka maji, kupika, kufua, kumpeleka mzee zahanati.

Otto aliihitaji nafasi hiyo. Mwezi Machi aliteleza jikoni asubuhi, akalala sakafuni mpaka jioni, muuza mkaa alipopita na kumsikia. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, ilibidi uvunjwe. Fundi aliutengeneza, lakini tangu siku hiyo Otto halitumii komeo.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, na maswali manane ya kwanza aliyajibu vivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Ndoo anajaza nusu. Kutoka bombani anapumzika mara mbili. Mkewe, Adela, alifariki miaka sita iliyopita.

"Swali la tisa," alisema Pamela. "Una mtoto au ndugu anayekuhudumia?"

"Ninaye. George. Yuko Namtumbo, analima tumbaku."

"Huwa anakuja?"

"Kila mwezi."

Bashiru alikohoa. George hakuwa ameonekana Mshangano tangu mazishi ya mama yake. Pamela alimtazama Bashiru, akaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, naomba uniangalizie choo kama kina mlango. Fomu inauliza."

Bashiru alipotoka, Pamela alisogeza kiti.

"Babu, swali hili lina alama nne. Ukiwa na wa kukuhudumia, sikupi hata moja. Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Nimeshajibu."

"Kama huna, unatia sahihi hapa tu."

Otto alivaa miwani, akasoma kwa sauti: "Sina mtoto wala ndugu anayenihudumia." Akavua miwani. "Karatasi hii inakwenda wapi?"

"Halmashauri. Inatunzwa."

"Miaka mingapi?"

"Sijui. Mingi."

"Basi siku George akija, itakuwa bado ipo."

Pamela aliichukua tena kalamu.

"Andika ninaye," alisema Otto.

"Namba yake ya simu?"

Aliitaja kwa kichwa, tarakimu kumi bila kusita. Pamela akapiga. Sauti ya mashine ilisikika chumba kizima: namba haipatikani.

"Shambani hakuna mtandao," alisema Otto.

"Ndiyo, babu." Aliiandika namba, akajumlisha. "Una kumi na moja. Wa sita mpaka sasa ana kumi na tatu. Ningekupa zile nne, ungempita."

"Hesabu nimeielewa, binti yangu. Kunywa chai, inapoa."

Bashiru alirudi akasema choo kina mlango. Walimaliza chai, wakaaga.

Otto aliosha vikombe, akapumzika, akavirudisha viwili kwa jirani. Ni hatua arobaini. Zilimchukua dakika kumi. Alasiri alikwenda bombani na kurudi na nusu ndoo. Alipumzika mara tatu.

Jua lilipozama aliurudishia mlango na kuuegemeza kwa jiwe dogo, upepo usije ukaufungua. Lilikuwa jiwe ambalo mtu yeyote, akisukuma kutoka nje, angeweza kulisogeza.