Sauti ya Nne Imekwenda Wapi

Kosa langu ni mdomo, na mama yangu alishaniambia siku moja utaniponza. Jumamosi ile uliniponza mchana kweupe, dukani kwangu Kiwalani, ninapotoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kuingiza nyimbo kwenye simu za watu.

Kwaya ya kigango chetu ilikuwa imerekodi nyimbo tisa. Fundi wa studio alitupa flashi yenye mafaili mazito, kila wimbo MB hamsini na ushee, wakati simu za wanakwaya wenzangu zimejaa pomoni picha za harusi. Mimi katibu ndiye niliyebebeshwa kazi ya kuyageuza yawe MP3, MB tano tano, ili kila mtu aweze kutembea na nyimbo zake mfukoni.

Asubuhi nilizigeuza zote nikazirusha kwenye grupu la kwaya. Mzee Albano hayumo kwenye grupu, kwa hiyo alikuja mwenyewe. Ni mchonga vinyago, mtu wa Ndanda, na ndiye nguzo ya sauti ya nne. Akiimba besi, benchi la mbele unalisikia linatikisika.

"Tumsifu Yesu Kristo, Herieth."

"Milele amina. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka ule wimbo wa shukrani nimtumie mama. Ana miaka themanini na sita, hajanisikia nikiimba tangu nihamie huku. Flaviana, mtoto wa dada yangu, atamwekea kwenye simu yake." Akaichungulia kompyuta. "Sasa faili zito vile unalipunguzaje?"

Nilikuwa na foleni ya watu watano. "Programu inatupa visivyosikika vizuri, baba. Vinavyosikika vinabaki."

"Ahaa, kama kuchonga," akasema, akaondoka na wimbo wake akiwa ameridhika kabisa.

Haikupita nusu saa akarudi. Hakusalimia. Aliweka simu juu ya mashine ya fotokopi, akabonyeza. Sauti ya kwanza ikasikika, ya pili ikasikika, ya tatu ikajitapa kama kawaida yake. Ya nne, kimya.

"Mmenitupa," akasema. "Umesema mwenyewe, visivyosikika vizuri vinatupwa. Basi mtafute besi mwingine. Joho nalileta kesho."

Hasira zikanipanda. "Baba, haki ya Mungu vile, sijatoa sauti ya mtu!" Nikaligeuza faili upya mbele ya macho yake, safari hii kwa ubora wa juu kabisa, nikaliingiza kwenye simu yake. Besi hakuna. Nikamwingizia faili lenyewe la studio, zito hivyo hivyo. Besi hakuna.

"Kumbe ni yule fundi wa studio," akasema. "Ndiyo maana alikuwaga ananiangalia vibaya!"

Nikacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye stuli ya wateja, kofia mapajani, akasema taratibu, "Mama atasikiliza watoto wa wenzake." Kicheko kikaniisha. Nilimwonea huruma, na nikajionea aibu.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Spika ya simu ni ndogo kama kifungo cha shati, besi ya mtu mzima itapitia wapi? Nikamweleza, akaniona mwongo. Basi nikachomoa flashi, nikamshika mkono, tukaingia kwa jirani yangu Talha, kinyozi, mwenye spika mbili ndefu kuliko wateja wake.

"Talha, zima nyimbo zako za singeli dakika tano."

"Sista, wateja watanikimbia!"

"Huyo hawezi kukimbia," nikamwambia, maana mteja aliyekuwepo alikuwa amenyolewa nusu kichwa.

Wimbo ukaanza. Sauti ya nne ilipoingia, kioo kilitetemeka na chanuo likaanguka lenyewe kutoka kwenye rafu.

"Aisee!" Talha akasema. "Nani huyo?"

"Mie," akajibu Mzee Albano, kama mtu anayeitika jina lake.

Tuliurudia mara tatu. Wa nusu kichwa ndiye aliyeomba ya tatu. Nikajua nimeshinda, lakini mzee akanigeukia. "Mama hana spika, Herieth."

Nikachukua simu yake, nikatafuta lile faili nililoligeuza mara ya pili, nikamtumia Flaviana, nikamwandikia amtafutie bibi hedifoni. Dakika chache baadaye, hata kabla hajajibu, simu ya mzee ikalia. Akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Albano mwanangu, nimekusikia."

Mzee akanitazama. "Mama, umesikia kwa simu hiyo hiyo? Umenisikiaje, na sauti yangu haitoki humo?"

"Pale mwanzo, watu hawajaanza kuimba. Umevuta pumzi kwa pua, vilevile kama marehemu baba yako akitaka kunyanyua gogo. Nikamwambia Flaviana, huyo ndiye. Huko mbele sehemu yako nikawa nakuimbia mwenyewe."

Mzee Albano alicheka huku anafuta macho kwa kofia. Mimi pumzi ile naijua. Iko mwanzo wa kila wimbo, inakoroma, na asubuhi niliikata kwenye nyimbo zote tisa kwa sababu nilidhani inatuaibisha. Ile mara ya pili niligeuza kwa hasira, nikasahau kuikata. Na nilikuwa nimeapa kwa jina la Mungu kwamba sijatoa sauti ya mtu.

"Baba," nikasema, "kuna kitu chako nilikitoa." Nikamweleza yote, Talha na mteja wake wakisikiliza.

"Sasa kirudishe," mzee akasema.

Nikarudi dukani, nikazigeuza upya zote tisa bila kukata kitu, nikatuma kwenye grupu na kuwaambia wafute za asubuhi. Yuliana wa sauti ya kwanza, ambaye hapitwi na jambo, alikuwa wa kwanza kuuliza ni mlio gani ule unaosikika kabla ya wimbo.

Nikamjibu ni Mzee Albano.