Baba Alipofagia Shira

Nilitoka kwenye hema nikakuta baba yangu ameng'oa utafiti wangu.

Sitii chumvi. Kipande changu cha ardhi, nilichokizungushia kamba tangu moto ulipopita huku uwanda wa Shira, juu kabisa upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kilikuwa safi kama uwanja wa kanisa Jumamosi jioni. Vichaka vyote vilivyoungua vilikuwa vimerundikwa pembeni. Mwenyewe, Mzee Valerian, alikuwa anamalizia kona ya mwisho kwa ufagio wa matawi.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimekusaidia, mama. Wageni wanakuja kesho na shamba lako limejaa takataka! Watasema Valerian hakufundisha watoto wake kazi."

Mtu wa kwetu ukimwamsha usingizini ukamwonyesha magugu, atapalilia kwanza ndipo aulize yuko wapi. Kihamba chetu kule chini, chenye migomba na kahawa, hukuti jani lisilo na kazi. Nilimleta baba anisaidie kubeba mizigo, mimi nikalala mchana ule kwa kuumwa kichwa cha mlimani, na hakuna aliyemwambia kwamba vile vijiti vyeusi ndivyo nilivyokuja kuvitazama. Hasira zilinipanda hadi machozi yakanitoka.

Kesho yake ilikuwa inakuja kamati ya upandaji miti. Walikuwa wameshaamua, wamebakiza kuja kuona tu: vichaka vimekufa, vifyekwe, ipandwe miti inayokua haraka. Lori la miche lilikuwa limeshafika Sanya Juu. Mtu pekee aliyekuwa anabisha ni mimi. Huku juu mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda, mvua ni ya kubahatisha, na anayeyaweza maisha hayo ni pakanga na wenzake. Pakanga ni kile kichaka cha majani ya kijivu, machungu, ambayo bibi alituchemshia tukiumwa tumbo. Nilisema hakijafa, kimejificha kwenye mizizi. Ila tangu moto ule sikuwa na hata jani moja la kuwaonyesha.

Nikalipiga teke lile rundo. Shina moja likabingirika, chini kukawa juu.

Nilipiga magoti pale pale. Sehemu iliyokuwa imezama udongoni ilikuwa imejaa vichipukizi vya kijivu, vidogo kama punje za mchele. Nikafikicha kimoja. Harufu ya pakanga ikanipanda puani hadi nikapiga chafya.

"Baba! Kiko hai!"

"Nani?"

"Pakanga! Kiko hai, njoo uone!"

Nikaruka kamba, nikaanza kufukua kwa vidole kwenye vichaka vya nje, ambavyo baba hakuvigusa. Cha kwanza, kizima! Cha pili, kizima! Miezi yote nilikuwa nikitazama matawi kumbe habari iko chini ya majivu. Baba naye akapagawa, akawa anatambaa huku na huku na suruali yake nzuri.

"Na hiki, Gladness! Yesu na Maria, hiki kina watoto wengi!"

"Usiking'oe!"

"Sing'oi! Naangalia tu!"

Asubuhi kamati ikafika. Mwenyekiti, Mama Hellen, ni mwanamke mpole ambaye akishasema jambo halirudi nyuma. Aliinama, akatazama vichipukizi vyangu kwa adabu, akajipangusa mikono.

"Hongera, binti yangu. Lakini hivi mpaka vikue, mlima utakuwa uchi. Tutafyeka, tutapanda."

Nilifungua mdomo kujibu, na upepo ukaja.

Usiku barafu ilikuwa imeota ndani ya udongo, sindano nyembamba nyembamba, kama inavyoota huku kila usiku. Jua likaiyeyusha, udongo ukabaki umetifuka. Nje ya kamba vile vijiti vyeusi viliushikilia. Ndani ya kamba hakukuwa na cha kuushika. Vumbi likainuka kutoka kwenye kipande kile peke yake, likawapiga wajumbe usoni, likaelekea bondeni.

Baba alipiga yowe. Mtu aliyebeba samadi kichwani maisha yake yote kupeleka kwenye migomba, hawezi kusimama akitazama udongo unaruka. Alivua koti lake la misa, alilowavalia wageni, akalitandaza juu ya ardhi, halafu akalilalia.

"Mzee wangu, unafanya nini?" Mama Hellen akauliza.

"Udongo unaondoka, mama! Hapa nimefyeka mimi, nikafagia, jana tu. Jana! Kipande kisichozidi sebule, na koti halitoshi. Sasa ninyi mnataka kufyeka mlima mzima. Mna makoti mangapi?"

Mama Hellen alijifuta vumbi machoni, akautazama ule uwanda mweusi hadi mwisho wake, kisha akatazama tena kile kipande, ambacho mawe yake yalikuwa yameanza kuonekana. Akapanda juu ya jabali kutafuta mtandao.

"Halo? Mko bado Sanya Juu? Mwambie dereva asipande. Nimesema asipande! Miche wapewe wanakijiji wakapande kwenye mashamba yao. Huku tunaacha kama kulivyo."

Kwetu binti mzima hamkumbatii baba yake, shikamoo inatosha. Mimi nilimrukia pale pale alipolala, mbele ya wakubwa wote, nikamkumbatia, nacheka na kulia kwa pamoja, najaribu kumwambia ahsante.

"Baadaye, mama, baadaye," akasema, bila kuinua kichwa. "Kamata kona ile kwanza, inapeperuka."