Mshale Uliporudi Kusema Kweli

Mgeni akija kwangu namtandikia mkeka. Akianza kutafuta kwa macho pa kuegemea, namwambia kochi lake liko chini ya pikapu, akilitaka alale chali aingie. Wanadhani uzee umenipanda kichwani. Lakini ndivyo ilivyo. Niliuza makochi yote, na meza yake ya kioo, nikanunua difu.

Asiyeijua difu nimweleze, maana hata mimi shule ya msingi niliimaliza na hakuna mwalimu aliyeigusia. Ni lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani mna meno yanayopokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu mawili. Difu ya kawaida ina tabia mbaya. Gurudumu moja likianza kuteleza kwenye tope, hilo ndilo linalopewa nguvu zote liendelee kuzunguka bure, na lile lililokanyaga pagumu linanyimwa. Nimeziona familia za namna hiyo. Difu niliyoitaka mimi ina sahani za kubana ndani yake. Gurudumu likileta uhuni linabanwa, na mwenzake anapata haki yake.

Niliitaka kwa ajili ya mlima. Juu ya mlima wetu wa udongo mwekundu walikuwa wanajenga tangi la maji, na msimamizi wa ujenzi alitafuta gari moja la kupandisha matofali msimu wote wa mvua. Lori halipiti, njia ni nyembamba. Akasema siku ya majaribio, atakayefika juu na mzigo wake kazi ni yake. Mimi tangu mume wangu afariki, pikapu ndiyo inayonilisha. Isipobeba, mimi nakunywa maji na kulala.

Mdogo wangu wa kiume naye ana pikapu, pacha wa yangu. Huyu nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukashika umbo lake. Mama akiwa kazini, mimi ndiye niliyemwogesha. Alipokua, mimi ndiye niliyemfundisha klachi, akanivunjia taa ya mbele na mama akaambiwa nilivunja mimi. Nilipomweleza habari ya mlima alicheka.

"Huo nakuachia, dada. Gari langu halipendi matope."

"Gari lako au wewe?"

"Sote wawili tumelelewa vizuri."

Basi nikaenda kwa fundi. Tunamwita Miwani, kwa sababu ana miwani yenye kioo kimoja na hilo jicho jingine analifumba akiwa kazini. Difu mpya hatukuweza hata kuiulizia bei. Tulizunguka kwenye majalala ya magari yaliyoanguka, yeye akilala chini, mimi nikimshikia tochi na kumtania, mpaka tukaipata chini ya gari lililobondeka mbele kama chapati. Sahani zake zilikuwa zimechoka, tukaokota nyingine kwenye difu iliyopasuka. Meno yake nayo yalikuwa mafupi ya mwendo, yaani yanaongeza nguvu na kupunguza mbio. Miwani akanionya kwamba meno hayo mawili, kubwa na dogo, yamezaliwa pamoja. Ukimchanganya mmoja na wa kuja, yatalia njia nzima.

Kuyakutanisha vizuri kunataka rangi. Unayapaka, unayazungusha, unaangalia yamegusana wapi. Miwani rangi hana. Nikampa rangi yangu ya mdomo, ile nyekundu. Akaipaka, akazungusha, akaangalia kwa lile jicho lake, akaongeza kipande chembamba cha bati pembeni, akapaka tena. Siku ya harusi yangu sikupakwa kiasi kile.

Alipomaliza aliinua nyuma ya gari kwa jeki, gia ikiwa huru, akaniambia, "Bi Mkubwa, zungusha gurudumu hili." Nikalizungusha, na la upande wa pili likafuata huko huko. "Difu ya kawaida, la pili lingerudi kinyume," akasema. "Hii yako, wanakwenda pamoja."

Wiki ile niliendesha kama bibi harusi. Kwa vile meno yalibadilika, mshale wa spidi ulianza kudanganya. Ulionyesha napaa, na huku muuza mikate kwenye baiskeli ananipita na kunipungia mkono. Sikujali. Nilipanda mlima bila mzigo, njia ikiwa imeloa, nikageuza juu, nikashuka naimba.

Ndipo mdogo wangu akaja kuazima gari. Lake eti linavuja mafuta, na ana mbao za kupeleka. Mtu ukiazimwa gari na mtoto uliyemwogesha, utamuuliza nini? Nikampa ufunguo, nikamfungia na mihogo ya kula njiani. Akalirudisha keshoye, limeoshwa mpaka chini. Nikamsifu.

Asubuhi nilipolitoa, injini ilikuwa kimya kuliko kawaida. Muuza mikate nikamkuta njiani, nikampita. Alishangaa yeye, nikashangaa mimi. Nikatazama mshale, ulikuwa unaonyesha mwendo wangu halisi, wa kikongwe mwenye haraka kidogo. Nikaegesha pembeni. Mshale ule haukuwa na sababu ya kutubu peke yake.

Nikaenda moja kwa moja gereji, nikapiga jeki mwenyewe, nikazungusha gurudumu. La pili likarudi kinyume.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa fundi. Nakwambia ukweli, jina la mdogo wangu halikunipitia kabisa. Nikamsimamia Miwani pale pale mbele ya wateja wake, nikamwita mwizi wa vikongwe, nikamuuliza kama hilo jicho analifumba ili asione anachoiba. Akaniacha nimalize. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Bi Mkubwa, si ulituma mwenyewe?"

"Nimtume nani?"

"Ndugu yako. Alileta magari yote mawili. Akasema umechoka kuendesha, miguu inakusumbua, umeamua difu aichukue yeye apande mlima. Nikabadilisha, yako kwake, yake kwako. Nilikusikitikia hata mimi."

Nilitafuta pa kukaa. Kulikuwa na tairi, nikakaa hapo.

"Miguu inanisumbua," nikasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na mihogo yangu alikula?"

"Alinigawia," akasema Miwani, na akaangalia pembeni.

Nikamwomba radhi kwa yale ya jicho. Nikamwambia abebe vyombo vyake.

Tulimkuta mdogo wangu uani kwake, anafunga turubai kwenye pikapu, tayari kwa majaribio ya kesho. Alipomwona fundi nyuma yangu, mikono ikabaki juu ya kamba. Sikupiga kelele. Niliegesha gari langu langoni, nikachukua kiti kibarazani kwake, nikakiweka nyuma ya gari lake, nikaketi. Kutoka, ilimbidi anipitie juu.

"Dada, tungegawana," akasema.

"Tungegawana nini, na mimi sijui?"

"Ningekuambia baadaye. Mimi nina watoto wanasoma. Wewe uko peke yako, unataka nini na mlima?"

"Na miguu yangu? Inaniuma tangu lini?"

Akarudia kukaza kamba. Mkewe alitoka na chai, akaniwekea kikombe mkononi bila kuniangalia usoni. Nikajua wifi naye anajua. Chai nikainywa, yenyewe haikuwa na kosa.

"Sikiliza," nikamwambia mdogo wangu. "Ungeniomba, unajua ningekupa."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukuomba?"

Alijikuna shingo, akasema taratibu, kama mtu anayeeleza jambo rahisi. "Nilijua hutagundua."

Hapo ndipo paliponichoma. Huko kuchukua ningeweza kuvumilia, ni mdogo wangu, kanichukulia mengi. Lakini aliniangalia mimi niliyemfundisha klachi, akaona kikongwe asiyejua kilicho chini ya gari lake. Na mihogo akapokea kwa mikono miwili, akasema asante dada.

Miwani akaingia chini ya magari. Hakuombwa mara mbili, na malipo alikataa. Mdogo wangu alitaka kumsaidia kushika ekseli, fundi akamwambia asimame mbali na mwanga. Jua lilipoanza kuinama nilizungusha gurudumu langu, na la pili likafuata. Nikarudisha kiti kibarazani. Nyuma yangu nilisikia "dada", kisha tena "dada". Niliwasha gari.

Kesho yake mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Nilipofika chini ya mlima, pikapu yake ilikuwa kule tayari. Ilikuwa imejaribu, imeshindwa kwenye kona ya kwanza, imerudi kinyumenyume na gurudumu moja limejaa udongo mpaka kwenye madigadi. Yeye amesimama kando, suruali imelowa.

Msimamizi alinitazama nikishuka.

"Mama, mimi niliambiwa umeacha kuendesha. Miguu."

"Waliokuambia waliniona nikitambaa?"

Vijana wa matofali wakacheka. Wakanipakilia mpaka springi zikalala. Msimamizi akawa anatuangalia, mimi na mdogo wangu, yeye na mimi. Sura zetu zimefanana sana, tumechukua pua ya baba.

"Nyie ni ndugu?" akauliza.

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Hapana," nikasema. "Tunatumia fundi mmoja."

Nikaingiza gia ya kwanza, nikaanza kupanda.